Mshale Uliofungwa Katikati

Sitaki tena kusikia mtu akiniambia "sensa tu." Fundi wa Kongowe alisema hivyo hata boneti hajafungua. Nilimweleza kwamba gari ikishapata moto na kusimama kwenye foleni, mshale wa geji ya oil unaanguka mpaka chini. "Sensa tu hiyo, dada." Akabadilisha sensa, kile kidude cha kwenye injini kinachoipa geji habari. Kesho yake mshale ukaanguka vilevile.

Nikamwambia basi, toa hiyo sensa, funga geji ya mkono mahali pake, tuone presha ya oil yenyewe ikoje. Ikiwa nzuri, tutafute kosa kwenye nyaya. Ikiwa mbovu, injini inakufa hiyo. Gari ile ndiyo iliyokuwa inamtoa mama yangu Kisarawe kumleta kliniki Kibaha kusafishwa kidonda cha mguu, na kidonda cha sukari hakina subira. Fundi akacheka, eti ufundi nimesomea wapi. Nikasonya. Nikamwomba mume wangu asimamie kipimo, mimi nikaenda kazini.

Jioni gari ikarudi, mshale uko katikati, umetulia tuli. "Imepona," mume wangu akasema. Na mimi, jamani, nikampikia pilau.

Siku ya kliniki nikamfuata mama. Tukiwa njiani kuja Kibaha, kwenye vumbi la njia ya Kiluvya, injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu, kisha ikazima na haikuwaka tena. Nikatazama geji. Mshale katikati! Injini imezima, haisukumi hata tone la oil, ulitakiwa uwe umelala chini kabisa. Hasira zikanipanda. Nikampigia fundi.

"Shemeji ndiye aliyesema niunge waya mshale ubaki hapo," akajibu bila aibu. "Alisema ukiuona unashuka unakosa raha."

Nikampigia na mume wangu. Alifika na bodaboda, jasho linamtoka. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi, mguu ameunyoosha, bendeji imeanza kulowa.

"Mlipima presha, hamkupima?" nikamuuliza.

"Tulipima. Ilikuwa chini. Nilikuwa natafuta fundi mwingine taratibu. Sikutaka uogope, mke wangu."

"Ningeogopa, ningesimama! Ningeazima gari! Mama saa hizi angekuwa anahudumiwa! Kwani mimi mtoto, nifichwe kwamba gari yangu mwenyewe inaumwa?"

Dereva wa bodaboda akajifanya anaangalia tairi lake. Sikujali. Nilimwita mume wangu mpumbavu, kwa sauti, mbele ya mama yangu mzazi, na mpaka leo sijaomba radhi wala sina mpango huo. Akabaki anarudia tu kwamba alifanya kwa nia njema, na kila akilitaja hilo nilizidi kuwaka.

Nikajua mama atanikemea. Hakulelewa hivyo, wala hakunilea hivyo. Lakini hata hakunitazama. Alimtazama mkwewe, akamsemesha polepole, kwa heshima ileile aliyomzoesha.

"Baba, na siku ile daktari alipokuita pembeni, ukatoka ukaniambia mguu unaendelea vizuri?"

Mume wangu akaangalia bendeji, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa.

"Mjibu," nikamwambia.