Miche Iliyokufa Chumbani kwa Mkwe

Watu wananiambia, yaani mwanamke mzima unanuna kwa sababu ya miche ya nyanya? Ndiyo, nanuna. Na aliyeniudhi ni mume wangu wa ndoa.

Nyumba yetu iko Bulyaga, hapa Tukuyu, na kwangu mboga hazinunuliwi. Mchicha, chainizi, vitunguu, vyote natoa nyuma ya nyumba. Mume wangu mwenyewe alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mkewe hajui bei ya fungu la mboga. Mvua zilizopita zilipoleta ukungu, nyanya zangu zote zilioza zikiwa mbichi. Ukabaki mche mmoja tu, karibu na ukuta wa choo, umesimama na kuzaa kana kwamba mvua haikuuhusu. Matunda ya kwanza tuliyala kabla sijapata akili. Tunda la mwisho nikalikamua, nikaosha mbegu, nikazianika juu ya gazeti.

Sasa hapa nakiri kosa langu. Nilizisia zote. Mwaka wa nyuma panya walikuwa wamekula akiba yangu ya mbegu za maboga, nikasema safari hii silazi mbegu ndani. Nikachukua udongo wa chini ya migomba, nikauchanganya na samadi iliyooza, nikaumwagia maji ya moto kuua wadudu, nikajaza makopo kumi na mawili. Nje huwezi kusia nyanya msimu ule, mvua ya Tukuyu inaifukua mbegu na konokono wanamaliza kilichobaki. Nikayapanga makopo dirishani kwenye chumba cha wageni, maana ni hicho tu kinachopata jua la asubuhi. Zikaota! Kila asubuhi nilikuwa naingia kuzitazama kabla hata sijanawa uso.

Miche ilikuwa imeshatoa majani yake ya kweli nilipotoka shambani Kawetele siku moja, nikamkuta mume wangu amesimama mlangoni. Akaniambia baba yake ameletwa kutoka Lufingo, mguu umevimba, atakaa kwetu wiki mbili akitibiwa. Amemweka chumba cha wageni.

Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake, wala hasemi naye. Vijana siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao, lakini mzee yule ni wa zamani, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Akikohoa ukumbini, mimi natokomea jikoni. Chakula naweka mlangoni, nagonga, naondoka. Na chumba anacholala siingii, hata kama ametoka kwenda chooni.

"Nitolee makopo yangu," nikamwambia mume wangu.

"Ya nini? Si umesema jua liko pale? Mimi nitamwagilia."

Na mimi mjinga nikakubali.

Kila jioni nilimuuliza, "Umemwagilia?" Kila jioni akanijibu, "Nimemwagilia, mama, zinapendeza kweli." Zinapendeza! Alisema hivyo huku anatafuna ndizi nilizompikia, hana hata haya. Nikalala usingizi wangu vizuri, nikaenda kulima matuta Kawetele, nikaweka na matandazo, nikaacha kila kitu tayari.

Siku ya nane, Jumapili, tumetoka kanisani, nikapita nje ya lile dirisha. Pazia limefungwa. Mchana kweupe, jua limetoka, pazia limefungwa!

"Mzee anasikia baridi," mume wangu akasema. "Limefungwa tangu alipofika."

Nikamwambia atoe makopo yote, sasa hivi. Akaingia, akatoka na moja. Udongo ulikuwa umepasuka na kuachana na kopo pembeni. Miche imelala, myeupe, myembamba, kama nyuzi.

"Hii umemwagilia lini?"

Akatazama chini. "Nilisahau kidogo."

"Siku nane?"

"Nilikuwa narudi nimechoka, mke wangu. Nikijua nitamwagilia kesho."

Ebo! Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko vile. Kusahau, sawa, mtu anasahau. Lakini ananitazama usoni kila jioni na kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Angesema tu ukweli siku ya pili, ningetafuta hata mtoto wa jirani wa kuingia mle kumwagilia. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakazima redio. Kisha nikachukua jagi la maji, nikasukuma mlango wa chumba cha wageni, nikaingia.

Mume wangu akaniita kwa sauti ya hofu. Sikugeuka. Mzee alikuwa ameketi kitandani. Aliponiona akavuta blanketi akajifunika kichwa chote. Nikaenda moja kwa moja dirishani, nikafungua pazia. Kopo moja baada ya jingine, yote kumi na moja, miche ilikuwa imekufa. Nilipogusa mche, ulikatika mkononi. Mbegu nyingine sina, na mche mama nilishaung'oa.

Mzee akasema kwa Kinyakyusa, humo humo ndani ya blanketi, taratibu, "Mwanangu, niliiona inakufa tangu siku ya tatu. Nikamwambia mume wako, akaniambia unakuja kumwagilia mwenyewe nikilala."

Nikalitua jagi dirishani.

"Maji ya kunywa ninayo hapa," akasema. "Usiku na mchana nilikuwa naitazama miche. Lakini makopo ni vyombo vyako. Vyombo vya mkwe ningevigusaje?"

"Ungevigusa, baba!" nikapiga kelele. "Ungevigusa tu!"

Nilikuwa nimeolewa miaka tisa, na hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia.