Pipa Liingie Ndani

Wakataji miwa walimwita Mama Maji. Kazi yake ilikuwa kujaza pipa na kugawia watu sitini maji, kazi nyepesi ukiisikia. Taabu ni kwamba nyapara alitaka pipa likae barabarani, nao wakataji walikuwa ndani ya shamba, mwendo wa robo saa kwenda na robo saa kurudi. Anayelipwa kwa mistari aliyokata hawezi kutupa nusu saa kwa ajili ya kikombe cha maji. Basi jua la saa saba linawakaanga, masizi ya miwa iliyochomwa yanawaziba pua, na hawanywi.

"Bosi, pipa liingie ndani," alimwambia nyapara siku ya Jumatatu.

"Trekta la kulivuta litakanyaga machipukizi."

Akasema tena Jumatano, akasema Ijumaa. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, ingawa mbuzi angalau angetikisa masikio.

Na hakuwa mgeni wa mambo haya. Babu yake aliungulia katika shamba hilohilo, upepo ulipougeuza moto. Baba yake aliacha vidole vinne kwenye mashine ya kukamulia, akatunukiwa kazi ya kulinda geti. Wakubwa walisema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani, alijiuliza, inayoijua nyumba moja tu?

Mdogo wa mumewe, waliyemwita Chuma, alikuwa mkataji hodari na mbishi kuliko wote. Mkewe alikuja kumnong'oneza Mama Maji kwamba mkojo wa mumewe umekuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa.

"Shemeji, nenda zahanati," Mama Maji alimwambia.

"Na mistari yangu atakata nani? Wewe na kikombe chako?"

"Ukifa atakata nani?"

Wenzake wakacheka. Chuma naye akacheka, akainama kuendelea.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, akaanguka kifudifudi. Walimbeba kwenye gunia hadi barabarani, robo saa nzima. Nyapara akamtazama, akasema, "Huyu jana alilewa."

"Huyu hanywi pombe," Mama Maji akajibu. "Na maji umemwekea mbali."

Gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwepo trekta, likisubiri kupakia miwa. Mama Maji akafungua bomba la pipa, akamlowesha shemeji yake tangu kichwani hadi miguuni, kisha akawaambia wanaume wampandishe kwenye tela.

"Hilo ni trekta la kampuni," nyapara akasema.

"Na mgonjwa ni wa nani?"

Dereva hakungoja jibu. Akawasha, akaondoka.

Hospitali walisema figo zimekwisha. Ni kazi ya miaka ya kiu na joto, daktari alieleza, si ya siku hiyo moja. Tangu hapo Chuma hufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na sasa, kwa amri ya daktari, maji anapimiwa. Anamlalamikia Mama Maji kila anapomtembelea, utadhani yeye ndiye daktari.

Kesho yake wakataji hawakuingia shambani. Walikaa kando ya pipa, mapanga chini. Siku ya pili kampuni ikaleta kibao kikubwa cha buluu, kikapigiliwa palepale barabarani: KUNYWA MAJI KWA AFYA YAKO. Mama Maji alikisoma mara mbili, akashindwa hata kutukana. Watu wakaendelea kukaa. Siku ya nne, miwa iliyokwisha chomwa ikiwa inaanza kuchacha, meneja akaja mwenyewe, na pipa likaingia ndani. Machipukizi hayakufa.

Kivuli cha kupumzikia kilikuja baada ya miezi mitatu, turubai moja la watu ishirini kwa watu sitini. Mama Maji akaenda ofisini kudai mengine mawili. Karani akamwambia arudi wiki ijayo.

"Wiki ijayo nitarudi," alisema, akivuta kiti. "Na leo pia nipo."