Koti Lililobaki Nje

Baba yake alishika kikombe cha chai kwa kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Vile vitatu vya katikati mashine ilivichukua kabla binti hajaota meno. Hakuwahi kusimulia ilikuwaje, na nyumbani hapakuwa na aliyethubutu kumuuliza. Basi binti akajisimulia mwenyewe kila alipolala, na kila mara mashine ilikuwa kubwa zaidi, yenye njaa zaidi. Akakua akiogopa chochote kinachozunguka. Cherehani ya jirani ikianza kulia tu, yeye keshahamia upande wa pili wa ua.

Sauti yake nayo ilibaki ndogo, ya mtu asiyetaka kuamsha kitu. Chuoni wakambandika jina la Kinong'ono.

Alichagua kusomea umeme wa majumbani kwa sababu umeme, alivyowaambia wenzake, hauna meno. Nyaya zinakaa kimya ukutani, unazifuata polepole kama unayefumua nywele za mtoto. Mwaka wa kwanza ukapita salama. Wa pili, chuo kikageuza mpango wa masomo: wiki moja darasani, wiki moja kazini, na watu wa mtaani waliokula chumvi nyingi katika kazi zao waalikwe kufundisha. Mwalimu akamfuata Baba hadi nyumbani.

"Nikafundishe nini mimi, mwalimu?" Baba alicheka. "Kuhesabu hadi saba?"

Mwalimu akaondoka mikono mitupu. Kinong'ono naye akapangiwa kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo.

Fundi mkuu wa pale alimpa kila mwanafunzi kufuli jekundu lenye ufunguo mmoja.

"Mle kwenye pipa la kuchanganyia mtu akiingia kurekebisha kitu, nje hakuna anayemwona," aliwaambia. "Kwa hiyo kabla hujaingia unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako, na ufunguo unaingia nao. Haukopeshwi, hata akiuomba mama yako mzazi. Wewe ukiwa ndani, kufuli ndilo linalokusemea."

"Huyu hasa ndiye anayehitaji wa kumsemea!" alidakia Profesa, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na jibu la kila swali, hata lisiloulizwa. Watu wakacheka. Kinong'ono akacheka pia.

Zamu yake ikafika. Ndani ya pipa kulikuwa na waya uliochubuka, ubadilishwe. Akazima swichi, akafunga kufuli, akalivuta, akalivuta tena, akautia ufunguo kwenye mfuko wa koti la kazi. Akapanda ngazi. Mlango wa pipa ulikuwa juu, mwembamba, na koti likanasa kwenye bawaba. Akalivua, akalitundika kwenye reli ya ngazi, akateremka haraka ili amalizane na hofu yake.

Ndani kulikuwa na giza lenye harufu ya pumba. Mapanga ya chuma yalimzunguka yakiwa yamesimama, na mwanga wa tochi ya kichwani ukipita juu yake yalionekana kama yanajigeuza. Alijikaza. Mikono ikaikumbuka kazi. Akakata, akaunganisha, hata pumzi ikaanza kutulia. Kisha akapeleka mkono kiunoni kutafuta kitambaa cha kujifutia jasho, akagusa shati.

Shati tu.

"Nani kafunga hii swichi?" Ilikuwa sauti ya msimamizi wa zamu, chini, nje. "Magari yamejaa pale getini!"

"Kinong'ono, bosi. Lakini keshatoka, koti lake hili hapa." Alikuwa Profesa.

"Basi fungua tuendelee."

"Ufunguo ni wake, bosi. Fundi alisema..."

"Fundi yuko ghalani. Si umo humo mfukoni? Umekuja kujifunza au kubishana?"

Ufunguo ukalia dhidi ya chuma.

Alitaka kupiga kelele. Kinywa kikafunguka, ukatoka mnong'ono. Aliparamia ngazi ya ndani, mguu ukateleza juu ya panga, goti likagonga, akaning'inia. Nje, kufuli likaachia kwa mlio mdogo, kama ulimi wa mtu anayesikitika. Hakuona chochote tena isipokuwa mkono wa Baba ukiwa umeshika kikombe. Akausukuma wake juu, ukatoka mlangoni, vidole vyote vitano vimetanuka.

"Mkono! Bosi, mkono!"

Kidole cha msimamizi kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kijani. Alikiondoa kama aliyegusa sufuria ya moto, akaenda zake. Profesa akaketi sakafuni, kufuli mapajani.

"Niliona koti, dada," alisema. "Niliona koti tu."

Fundi alipokuja mbio ilimbidi amfungue Kinong'ono vidole kwenye ngazi, kimoja kimoja.

Jioni ile alimwambia Baba, "Sirudi tena kule." Akamweleza yote. Baba alikishika kikombe bila kunywa mpaka chai ikapoa.

"Hawakuniita," alisema mwishowe. "Siku yangu ile. Kabla ya kuwasha, hakuna aliyeniita. Wangeniita tu, ningeitika."

"Unaonaje, Baba, nirudi?"

"Usiniulize mimi, mwanangu. Ningekuwa na nguvu ningekufungia humu ndani kwa kufuli hilohilo."

Lakini wiki ya darasani ilipofika, Baba alivaa shati lake la kutokea, akaenda chuoni. Aliuweka mkono wake juu ya meza, wanafunzi wakautazama, akasema maneno yaleyale: hawakuniita. Profesa hakuuliza swali. Kinong'ono, kiti cha nyuma, alikuwa akifunga ufunguo kwenye uzi.

Aliporudi kiwandani aliuvaa shingoni, chini ya shati. Akapanda kipandio kimoja kimoja. Pipa lilikuwa lilelile, giza lilelile, na woga haukuwa umepungua hata chembe. Alikuwa ameshika bisibisi aliposikia nyayo nje. Zikaja, zikasimama penye swichi. Akasimamisha bisibisi.

"Dada! Umo?"

Akajaza kifua. "Nimo!" Sauti iligonga chuma pande zote, ikamrudia kubwa kuliko yeye.

"Umo kweli?"

"Nimo, we Profesa! Si umesikia?"

"Nimesikia. Nitakuuliza tena."

Akauliza tena, na tena, mpaka skrubu ya mwisho ikakaza. Na kila kimya kilipoingia kati ya swali na swali, Kinong'ono aliacha kazi, akajipapasa kifuani, akahakikisha ufunguo upo, akasubiri kuitwa.