Ng'ombe wa Nani Afe

Nimehama miji mingi na kushika kazi nyingi, lakini ninayoikumbuka mara kwa mara ni ile ya kuandika mchezo wa redio wa wakulima. Kituo kilikuwa kidogo, ghorofani mjini Thika, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo ulinusa dawa ya mifugo kabla hujafika studio. Mchezo wetu ulikuwa na mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, na jirani yake anayejua kila kitu.

Mama aliigizwa na muuza mboga wa Makongeni, aliyekuja na aproni yake inayonukia dania. Sauti ya kukamua tuliitengeneza kwa chupa ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, maji ndani, kikombe cha bati chini. Hakukubali mtu mwingine aishike chupa hiyo. "Nyinyi mnakamua kama mnaosha gari," alituambia. Wateja wake wa vijijini walikuwa wakimuuliza sokoni ng'ombe anaendeleaje, naye anajibu bila kucheka, "Hajambo. Maziwa tu ndiyo yamepungua, ni hii baridi."

Kisha kupe wakazidi. Ndigana, homa inayoletwa na kupe hao, ikawa inaua ng'ombe vijijini, na watu wanangoja mnyama alale chini ndipo watafute daktari. Mkuu wetu, mama asiye na maneno mengi, akaniambia, "Wiki hii ng'ombe afe. Wasipolia hawatanyunyiza dawa." Alisema kweli, nami nikaandika.

Muuza mboga alisoma ukurasa mmoja, akauweka mezani.

"Hii mimi sisomi."

"Ni mchezo tu, mama," nikamwambia.

"Mchezo? Huyu nimemkamua tangu masika! Nikirudi soko niwaambie watu nini? Na wewe baba, ulikosa mwingine wa kuua?"

"Ndigana haichagui," mkuu akasema.

"Basi leo ichague. Si kuna huyu jirani, kila wiki anatuambia kupe watadondoka wenyewe?"

Jirani aliigizwa na kinyozi wa Mwiki, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kona na chai na mandazi yake. Akaruka.

"Ngai! Mimi nimeingiaje hapo? Ng'ombe wangu hata hajawahi kulia redioni!"

"Atalia leo," muuza mboga akasema.

Mkuu alinitazama. Ng'ombe wa mama hangeweza kupona hivi hivi bila dawa, wakulima tungewadanganya. Nikaketi nikaandika upya: mama ananyunyiza kila wiki, jirani anamcheka kutoka upande wa pili wa ua, halafu asubuhi moja jirani anaita, ng'ombe wake amelala chini, na sauti yake haina mzaha. Kinyozi aliisoma sehemu hiyo hadi fundi mitambo akasahau kazi yake. Alipomaliza akapenga kamasi. "Mmenimaliza," akasema.

Baada ya kipindi kwenda hewani nilipita kwake kunyolewa. Kila aliyeingia alimpa mkono. "Pole sana, jirani." Mama mmoja alikuwa amemwachia maziwa kwenye jagi, ya chai ya watoto mpaka ajipange. Kinyozi alipokea zile pole kichwa chini, kama aliyefiwa kweli, nami nikauma mdomo nisicheke.

Kwenye kiti alikuwa mzee mmoja mwenye gambuti za matope miguuni, ametoka shambani moja kwa moja.

"Lakini wewe nawe," mzee akamkemea kupitia kioo. "Si uliambiwa unyunyize?"

"Niliambiwa, mzee."

"Ukaleta kiburi."

"Nikaleta kiburi."

Mzee alitikisa kichwa kwa hasira hata kinyozi akalazimika kuinua mashine. "Mimi jana nimenyunyiza wangu wote. Nimenyunyiza na mbuzi. Sitaki kuletewa maziwa na watu kama ulivyoletewa wewe."

"Hata mbuzi?" kinyozi akauliza, macho yake yakinitafuta kwenye kioo.

"Hata mbuzi. Nyoa."