Mnunuzi Aliyemuulizia Mwenye Gari

Sitaki uniamini kwa kunionea huruma. Niamini kwa sababu mimi ni mtu wa kazi, nahudumia wazee katika nyumba moja hapa Birmingham, na siku hiyo sikuwa nimeonja pombe wala sikuwa na usingizi. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Kaka yangu mkubwa, Barasa, alikuwa fundi wa magari. Kule Acocks Green, mtaa wa hapa mjini, alikutana na mjane aliyekuwa na gari la Kimarekani la miaka ya sitini, la milango miwili, linaoza uani. Akalichukua kwa bei ya chuma chakavu. Miaka sita alilihangaikia kwenye gereji aliyopanga Saltley: akatia injini mpya, akabadilisha breki, akahamisha usukani kutoka kushoto kuja kulia, akalipaka rangi nyekundu. Likiwashwa, mtaa mzima unachungulia madirishani. Mama yetu, kule Bungoma, aliweka picha ya gari hilo ndani ya Biblia, na Barasa alimwahidi kwamba siku moja atakuja kumchukua nalo ampeleke kanisani. Sisi wengine tulicheka. Mama alimwamini.

Barasa alikufa mwezi wa tatu, kwa moyo, akiwa kazini.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mama alikuwa na presha. Dada yangu anayeishi naye, pamoja na mjomba, walisema kwenye simu kwamba habari hii itamuua, afichwe kwanza. Na maiti huwezi kuirudisha nyumbani kwa siri. Basi tukamzika huku huku, watu wachache, mvua inanyesha, hakuna matanga. Mama tukamwambia Barasa amepata kazi melini na mtandao unasumbua. Simu ya Barasa nikakaa nayo mimi, na kila Jumapili nikamwandikia Mama kwa jina lake: niko salama, niombee. Unajua inavyokuwa kuandika maneno hayo huku kaburi ulilifukia wewe? Miezi tisa niliandika.

Mwisho nikachoka. Nikaamua kuliuza gari nipate nauli, niende nikamwambie Mama uso kwa uso. Nikaweka tangazo. Mtu mmoja akapiga simu, akasema atakuja Jumamosi saa kumi jioni. Desemba hapa, saa hiyo giza limeshaingia.

Alikuja kwa miguu. Mrefu, mwembamba, uso wake sijawahi kuuona. Barasa alikuwa mfupi na mnene, kwa hiyo usije ukasema nilimfananisha. Alinisalimu kwa Kiswahili, nikafurahi, nikadhani ni mmoja wa Wakongomani tunaokutana nao mjini. Akalizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Ungesema nini? Watu hawapendi kununua gari la mtu aliyekufa, na ulimi wangu ulishazoea.

"Yuko," nikasema. "Amesafiri kikazi."

"Yuko?"

"Yuko."

"Basi vizuri," akasema, akaingia upande wa dereva.

Barasa alikuwa ameficha swichi chini ya kiti kwa ajili ya wezi, na bila hiyo gari haliwaki. Tuliijua sisi wawili tu. Kabla sijafungua mdomo kumweleza, yule mtu alipeleka mkono chini ya kiti, akaibonyeza, injini ikanguruma. Nikajiambia labda mafundi wote huficha hapo. Mtu akiwa na shida hujiambia mengi. Nikapanda kando yake.

Tulipita Alum Rock Road, maduka yamewaka taa, akina mama wanavuka na mifuko yao. Gia ya pili ilikuwa inakwama, na Barasa alikuwa na namna yake ya kuivuta kidogo nyuma kwanza. Yule mtu aliivuta vivyo hivyo. Hakunitazama hata mara moja. Tulipokaribia gereji tena, akasema polepole:

"Mama mtamwambia lini?"

Alisimamisha gari, akaniambia nishuke nifungue mlango wa gereji. Nikashuka. Nilipogeuka hapakuwa na kitu. Gari lile linaloamsha mtaa liliondoka bila hata sauti ya tairi kwenye maji.

Simu yangu ikaita palepale. Alikuwa Mama, na mwaka mzima sikuwa nimeisikia sauti yake ikiwa na furaha namna ile.

"Mwanangu, Barasa amenipigia sasa hivi," akasema. "Ameniambia uko naye kwenye gari, umenyamaza tu. Anasema anakuja kunichukua. Ni kweli?"

Simu ya Barasa ilikuwa chumbani kwangu Lozells, kwenye droo, imezimwa.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Mama alikuwa anangoja, nilisikia pumzi yake. Na mimi, mwoga mkubwa, nikamjibu: "Ni kweli, Mama. Jitayarishe."

Hazikupita saa tatu dada akapiga. Mama alivaa nguo zake za kanisani, akachukua mkoba wake, akatoa kiti akakaa karibu na lango. Dada alipomfuata kumwita ale, alimkuta ameketi wima, uso umeelekea barabarani, amekwisha kufa.

Asubuhi nilikwenda Saltley. Gari lilikuwa ndani ya gereji, kufuli yangu mlangoni, boneti baridi. Kiti cha kando ya dereva kilinuka naftalini, ile dawa ya nondo aliyokuwa akiweka Mama kwenye nguo zake za kanisani.

Wenzangu wa kazini walinichangia, nikaenda kumzika. Majirani wote walikuwa wakiuliza Barasa atafika saa ngapi, maana Mama alikuwa amewatangazia. Nikasimama kando ya jeneza moja nikatangaza vifo viwili. Dada hasemi nami mpaka leo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia Mama ajitayarishe.

Gari bado ninalo. Wanunuzi huja, nawaambia ukweli kwamba mwenyewe ni marehemu, na wengine hawajali, lakini haliwaki tena. Mafundi wamelifungua lote hawaoni kasoro. Siku nyingine naingia naketi kwenye kiti kile cha kando, nangoja, sijui nangoja nini.

Wewe unayenisikiliza, labda familia yenu nayo imekaa kwenye simu ikaamua mzazi asiambiwe kwanza. Mwambieni. Atapiga yowe, ataugua, pengine atakufa kweli, sikudanganyi. Lakini atakuwa amemlilia mwanawe, na mtakuwa mmemshika mkono. Mama yangu alikufa akiwa na furaha. Furaha ile nilimpa mimi, na ilikuwa uongo.