Mafuta ya Mwali

Juzi dukani nilinusa mafuta ya ufuta, nikamkumbuka dada yangu Mwanahawa alipokuwa mwali, amewekwa ndani. Kila alasiri mama alimkanda kwa mafuta ya ufuta alioutwanga mwenyewe, chumba kizima kikinukia. Mimi nilichungulia mlangoni roho ikiniuma, nimepakwa yale ya mgando yaliyoanza kujaa madukani Kibiti.

"Mama, na mimi nipake hayo."

"Haya ya mwali. Zamu yako itafika."

Nilinuna. Nilidhani anapendwa kuliko mimi, kumbe anaandaliwa kuolewa.

Alipochukuliwa kwenda kwa mumewe huko Nyamwage, mama alinipa chupa iliyobaki. Nilijipaka kwa pupa mwili mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo siku zote alinipaka Mwanahawa.