Habari za Masasi

Watu wa rika langu wakikutana hapa Dar es Salaam hawakosi kuzililia kumbi za burudani zilizokufa. Huyu atautaja ule uliogeuzwa kanisa, mwingine ule uliobomolewa pakawa maegesho ya magari. Mimi hunyamaza. Upo mmoja ambao siku hizi ni duka la vigae, na kila nikipita pale nasema moyoni, afadhali.

Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho Newala, na alikuwa akicheza mapiko, ngoma ya vinyago. Maneno hayo niliyoyaandika hivi punde, mama yangu asingeyatamka hata kwa kushikiwa panga. Lipiko ni mchezaji aliyefunikwa mwili mzima, kichwani kavaa kinyago cha mti, na kwa wanawake huyo si mtu, ni mzuka. Anatokea porini, anawavamia, wanakimbia huku wakipiga vigelegele, kisha wanarudi kumchokoza. Aliye ndani ni nani, mwanamke hatakiwi kujua. Na akijua, hajui.

Nyumbani kwetu kutojua huko kulikuwa na utaratibu wake. Kila lipiko alipotoka, baba alikuwa amesafiri kwenda Masasi. Asubuhi aliaga kwa sauti kubwa majirani wasikie, na jioni alirudi amechoka hoi, mkononi ana mkate. Mkate wenyewe alikuwa ameuficha kwa rafiki yake tangu juzi, umekauka kama ubao. Mama alimpokea, akampa maji ya kunawa, na maji Newala hayakuwa kitu cha kumpa mtu hivi hivi, kisha akamuuliza, "Habari za Masasi?"

Hapo baba anaanza. Masasi jua kali. Basi limepata pancha njiani. Kakutana na fulani, anawasalimu wote. Alikuwa anajua kudanganya yule mzee, jamani! Mama anaitikia, "Kumbe," "Haya," "Ikawaje sasa?" na sisi watoto tunatafuna mkate. Mimi nilimtambua lipiko nikiwa bado mdogo, kwa kidole chake cha mguu kilichopinda, siku kilipotokeza kwenye soksi iliyochanika. Nilikula mkate wangu nikanyamaza. Mpaka leo sijaona ndoa nyingine yenye heshima kama ile.

Kikundi chao kilikuwa kikiitwa kwenye sherehe za serikali. Mama alicheza sindimba, na baba alisafiri kwa jina la mpiga ngoma. Afisa utamaduni wa wilaya alifuatana nao kila safari. Alikuwa mkorofi na mpenda ulabu, lakini kazi yake aliijua. Kabla ya yote alisimamisha ua wa makuti ili lipiko atokee humo na arudi humo, na uwanja aliuacha wazi pande zote, wanawake wapate pa kukimbilia. Wakubwa wenye suti walisubiri mpaka ua ukamilike.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Serikali ikajitoa kwenye korosho, ikajitoa kwenye viwanda, na kwenye ngoma ikajitoa bila hata kuaga. Afisa utamaduni alipunguzwa, akarudi kwao Lulindi kulima mihogo. Kikundi kikakaa muda mrefu bila kuitwa popote, hadi alipotokea tajiri mmoja mwenye ukumbi Dar es Salaam. Alikuwa na bendi, alikuwa na wachekeshaji, sasa alitaka na kitu cha asili.

Mimi wakati huo nilikuwa muuguzi hapa mjini. Jumapili alasiri nikavaa gauni langu zuri nikaenda kuwaona wazazi wangu kwenye jukwaa la Dar es Salaam, na sitaficha, nilikuwa nimevimba kichwa. Ndani nikakuta viti vya plastiki vimepangwa mistari, vyote vinatazama upande mmoja. Jukwaa limegandamana na ukuta. Mlango ni mmoja, umefungwa, na baunsa ameuegemea ili wasiolipa wasipenye.

Kiongozi wa kikundi aliniambia kuwa wameomba ua, hata wa shuka. Tajiri alikataa kwa sababu ungeziba bango la bia. Lipiko akavalia stoo, katikati ya makreti, na wanawake wakasimama kwenye ujia, nyuso ukutani, mpaka apite.

Akatoka. Nasema kweli, alicheza. Aliwavamia wanawake nao wakakimbia, lakini hatua mbili tu wakafika ukutani, wakarundikana pale, na watu wakaangua kicheko. Akarudi, akatikisa mabega, ngoma ikapamba moto. Nikaanza kusahau ukuta.

Ndipo mshereheshaji, kijana mmoja, akapanda na kipaza sauti chake.

"Mnataka kumwona aliyemo humu?"

"Tunataka!"

"Sijasikia!"

"Tunatakaaa!"

Lipiko huona kwa kupitia mdomo wa kinyago, mbele tu. Hakumwona yule kijana akimjia kwa nyuma. Kijana alikishika kinyago kwa mikono miwili akakivuta, na kitambaa cha shingoni kikachanika. Akalitaja jina la baba yangu mara mbili, akaomba makofi.

Wanawake hawakuwa na pa kukimbilia. Mama ndiye aliyeanza. Aligeuka akaupa ukumbi mgongo, na wenzake wote wakageuka, wakasimama wima nyuso zikitazama bango la bia. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Walisimama kwenye viti, wakapiga miluzi. Nilimsikia tajiri, mstari wa mbele, akimwambia jirani yake kwamba hiyo ya kugeuka ni kali, waiweke kila Jumapili. Nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo haijaisha.

Na mimi? Mimi nilikuwa kwenye kiti. Baba alisimama pale kichwa wazi, jasho linamtiririka, akatafuta pa kuweka macho, akayaweka kwangu.

Kikundi kilikuwa kimefikia kwa shangazi, Mbagala. Nilitangulia, na njiani nikaingia dukani nikanunua mkate. Wanawake walifika kwanza. Baba alipofika nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwekea mkate mkononi. "Huu mzigo wako baba, ulitaka kuusahau kwenye basi."

Aliutazama. Akaingia nao ndani. Mama alikuwa amekaa mkekani na wenzake, khanga ameifunga vizuri, utadhani alishinda hapo kutwa nzima. Alinyanyuka, akamletea maji ya kunawa. Kisha akamuuliza, kwa sauti ileile ya Newala, "Habari za Masasi?"

Nilimwomba Mungu aseme jua lilikuwa kali. Aseme pancha. Aseme neno lolote.

Baba aliuweka mkate chini, mbele ya mama.

"Sikwenda Masasi," alisema.